Dau la kandambili na deni la kiwanda

Septemba 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini dau la mita tisa lililoundwa kwa zaidi ya tani kumi za taka za plastiki. Liliitwa Flipflopi. Mbavu zake zilivikwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni, rangi juu ya rangi, ukiliona kwa mbali ungedhani kanga imeanikwa juani. Mapema 2019 likasafiri kilomita 500 hadi Unguja, na 2021 likazunguka Ziwa Victoria.

Kwangu, thamani yake ya kwanza iko katika ufundi. Fundi Ali Skanda na wenzake walitakiwa kupata mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake za ndani) na mbao kutokana na kitu ambacho walimu wao hawakuwahi kukishika. Mti una nyuzi, na fundi huzikagua kabla ya kuinua tezo. Plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu haina nyuzi za kufuata, na joto huipinda. Umbo ni lile lile la pwani, ila mikono ilibidi ijifunze upya. Halafu chombo kikaingia baharini na kufanya kazi ya chombo, jambo ambalo sanamu ya kuwekwa sebuleni haidaiwi.

Hata hivyo, wanaotilia shaka sanaa hii ya taka wana hoja nzito. Tani kumi ni nyingi kwa dau moja, lakini mawimbi yanaendelea kuleta taka nyingine ufukweni. Plastiki yenyewe, ikichomwa na jua mwaka baada ya mwaka, humeguka na kumwaga majini chembe zile zile tunazozilalamikia.

Mimi nasita zaidi kwenye mapambo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto wa Kiwayu, kisiwa cha Lamu, walikuwa wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na kandambili zilizotupwa na bahari. Wazo hilo lilikua likazaa karakana ya Ocean Sole jijini Nairobi, ambayo sanamu zake za twiga na tembo za kandambili huuzwa hadi ng'ambo. Wachongaji wanalipwa, watoto wao wanasoma, na hilo si dogo hata kidogo. Lakini biashara ya namna hii huishi kwa taka kuendelea kuja, na mnunuzi anaweza kuondoka na twiga wake akiamini amekwisha timiza wajibu. Wakati huo huo fundi viatu wa mtaani, anayerudisha kamba iliyochomoka ili kandambili isitupwe kabisa, hakuna anayemwandalia maonyesho. Naye anazuia taka kabla haijawa taka.

Kinachonifanya niegemee upande wa dau ni matumizi yake. Waliolisafirisha walilitumia kudai Afrika Mashariki nzima ipige marufuku plastiki za kutumika mara moja. Kenya ilikuwa imeshapiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na sheria yake ya taka ya 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Sheria hiyo ikisimamiwa, anayetengeneza na anayeagiza kandambili watalazimika kulipia ukusanyaji wake. Isiposimamiwa, gharama itabaki kwa watu wa Lamu wanaookota plastiki isiyo yao, na uzuri wa dau hautawapunguzia hata senti moja.