Mbunge Tunamdai Nini Hasa?

Mwaka 2025, kuelekea uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, greda lilipita mtaani kwetu, huku pembezoni mwa Dar es Salaam. Malori yalimwaga kifusi kwenye kona ambako bajaji zilikuwa zikikwama tangu masika, greda likasawazisha, na adhuhuri njia ikapitika. Jirani yangu, mama anayekaanga maandazi kando ya barabara, aliacha karai lake akasimama kutazama. "Kumbe hivi vifaa vilikuwepo siku zote," alisema, wala hakuonekana kufurahi. Mwezi Aprili alimpeleka bintiye mwenye mimba ya miezi minane hospitali kwa bodaboda ya shilingi 4,000, safari ambayo siku za jua ni 1,500. Walipofika kwenye kona hiyo dereva aliwaomba washuke, yule binti akavuka tope kwa miguu, viatu mkononi.

Kuelekea uchaguzi huo, maneno kama ya mama huyu uliyasikia kijiweni, saluni na ndani ya daladala: hawa wabunge walikuwa wapi miaka yote mitano? Hasira hiyo ni ya haki. Ninachokitilia shaka ni pale tunapoielekeza.

Wabunge wana utetezi wao, na tuusikilize. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge hana greda. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017; maji yako DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, unatosha mabati, saruji na madawati, lami haujengi. Halafu kuna wingi wetu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na majimbo yalikuwa kumi. Hiyo ni zaidi ya watu laki tano kwa mbunge mmoja. Mwezi Mei 2025 Tume ya Uchaguzi ilitangaza mengine mawili, Kivule kutoka Ukonga na Chamazi kutoka Mbagala, na hata hivyo mzigo bado ni mkubwa.

Yote hayo ni kweli. Lakini ni nani aliyetuzoesha kumdai mbunge barabara? Ni wagombea wenyewe. Sijawahi kusimama kwenye mkutano wa kampeni nikamsikia mtu akiomba kura ili akaisimamie Serikali. Huahidi lami, visima na zahanati, na aliyeahidi lami hawezi kulalamika akidaiwa lami. Tena mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, hivyo anaweza kukaa kikaoni bajeti inapopangwa. Na bungeni Dodoma, bajeti ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, inapojadiliwa, ana nafasi ya kusimama na kuuliza. Hapo ndipo ningetaka tumbane. Kutokuwa na greda si kosa lake. Kosa ni kunyamaza fedha za barabara zinapogawanywa, au kupewa dakika chache za kuchangia na kuzimaliza kwa pongezi.

Wengine wanasema dawa ni moja: tusiwarudishe. Jiji hili limeshajaribu. Mwaka 2015 wapiga kura wa Dar es Salaam waliupa upinzani majimbo sita kati ya kumi. Kufika mwisho wa 2018, Maulid Mtulia wa Kinondoni, Mwita Waitara wa Ukonga na Abdallah Mtolea wa Temeke walikuwa wamehamia chama tawala, CCM, na wote walirudi bungeni kwa majimbo yaleyale. Aliyepiga kura kwa hasira Kinondoni alijikuta na mbunge yuleyule, kwa chama alichokuwa amekikataa. Mwaka 2020 majimbo yote kumi yalikwenda CCM, katika uchaguzi ambao matokeo yake upinzani uliyapinga.

Kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano, mwananchi hana njia. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki. Mwaka 2025 Chadema, chama kikuu cha upinzani, hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi mwezi Aprili, na Tume ikasema hawatashiriki. Kwa hiyo katika majimbo mengi ushindani wa kweli ulikuwa kura za maoni za CCM, yaani uteuzi wa mgombea ndani ya chama. Wanaoutetea utaratibu huo wanakumbusha kwamba waheshimiwa wengi hung'olewa humo humo, na kwamba safari hiyo wanachama wengi zaidi waliruhusiwa kupiga kura. Ni hoja nzito, na nafurahi chama kimepanua mlango. Lakini jina la mwisho bado hupitishwa na vikao vya juu, na jirani yangu hana kadi ya chama chochote.

Siku chache baada ya greda kupita, jirani huyo aliniuliza, "Sasa wakija kuomba kura, mimi niwaulize nini?" Nikamwambia aulize watasema nini bungeni siku ya bajeti ya barabara za mitaa, na watarudi lini kutueleza walichojibiwa. Aligeuza maandazi, akatazama kile kifusi kipya.

"Na vuli ikianza, hiki kitakaa?"

Tukaangalia pembeni mwa barabara, huku na huku. Mtaro haukuchimbwa.