Asilimia tisini na ngapi?

Jamani, treni kuchelewa inaudhi, lakini treni inayokupita tupu inaudhi zaidi. Nilikuwa nakaa Toronto, karibu na barabara ya Eglinton, upande wa mashariki ambako reli mpya inatoka chini ya ardhi. Kilomita 19, stesheni 25. Ujenzi ulianza 2011, tukaahidiwa 2020. Ikasogezwa 2021, ikasogezwa 2022, halafu 2023 wakaacha kabisa kutaja tarehe.

Sasa vuta picha. Asubuhi ya Januari, masikio yamekufa ganzi, umesimama kituoni unasubiri basi namba 34. Mara treni hiyo, inateleza mbele yako, taa zinawaka, viti vinang'aa, ndani hamna mtu ila dereva. Ya majaribio! Unaitazama kama mtoto anavyotazama pilau ya wageni. Basi lenyewe likija limeshona kama daladala ya Mbagala jioni, tena hapa hata konda wa kukudanganya kwamba nyuma kuna nafasi hayupo.

Ukiuliza wamefika wapi, unaambiwa asilimia tisini na kitu. Mwaka unaofuata, tisini na kitu vilevile. Hicho kipande kilichobaki walikuwa wanakichonga kwa sindano?

Na wale wenye saluni na migahawa ya Little Jamaica, mtaa ulio upande wa magharibi wa barabara hiyo, waliozungushiwa uzio na vumbi miaka nenda rudi, wengine walishafunga milango kabla hata behewa la kwanza halijabeba abiria.