Kitufe Kisicho na Jina

Jumamosi moja nilikuwa Kongwa, mkoani Dodoma, nimekaa na mjomba wangu uani kwake chini ya mwarobaini, nikamwomba anioneshe anavyoitumia programu tuliyoitengeneza sisi. Ni programu ya vikoba, inafunguka kwenye kivinjari cha simu: unaangalia salio, unaweka mchango, unaomba mkopo. Kikoba chao cha walimu wastaafu kilikuwa cha kwanza kuipokea, na kwa miezi mitano nilikuwa namhesabu mjomba kati ya watumiaji wetu.

Mjomba haoni. Utotoni aliugua trakoma, ile tunayoiita vikope, akapona, akaugua tena, kama watoto wengi wa vijiji vya Ugogo vyenye vumbi jingi na maji ya kubahatisha. Ugonjwa huo hauna haraka. Unaacha makovu ndani ya kope, miaka inapita, kope zinajikunja, nywele zake zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Alifundisha hisabati huku giza likimjia kidogo kidogo.

Simu yake anaiendesha kwa TalkBack, kisoma skrini kinachokuja na simu nyingi za Android. Ukitelezesha kidole kwenda kulia, kinahamia kitu kinachofuata na kukitaja. Ukigusa mara mbili, kinakifungua. Mjomba ana kasi nacho kuliko nilivyotarajia. Ujumbe wa WhatsApp anausikiliza kwa mwendo ambao mimi siambulii neno. Akafungua programu yetu. Simu ikasema, "Kitufe." Akatelezesha kidole. "Kitufe." "Picha." "Kitufe."

"Mjomba," akaniambia, maana mimi na yeye tunaitana hivyo hivyo, "hapa ndipo huwa namwita mtoto."

Mtoto ni mjukuu wake wa darasa la sita. Mjukuu anashika simu, babu anamtajia namba ya siri kwa sauti, na aliyepo uani anasikia. Miezi mitano akiba ya mwalimu mzima ilikuwa inalindwa hivyo, na waliomfikisha hapo ni sisi.

Wenzangu tunaoandika programu tuelewane kuhusu jambo moja: kisoma skrini hakitazami skrini. Kivinjari ndicho kinachokipa orodha ya vilivyomo ukurasani, na kila kitu kinatajwa kwa jina lake, aina yake na hali yake: "Weka mchango, kitufe, kimezimwa." Jina nisipoliandika mimi, simu haina pa kulitoa kwa uhakika. Vile vialama vyetu vya kupendeza, sarafu, mshale na kengele, kwa mjomba vyote vilikuwa kitu kimoja. Na vingine havikuwa hata vitufe. Tulichukua div tupu, yaani kisanduku cha ukurasani kisicho na kazi maalumu, tukaipaka kijani, tukaiviringisha kona, mwenye macho akaona kitufe. Kisoma skrini kiliona maandishi tu, na hapakuwa na lolote la kumjulisha mjomba kwamba pale panabonyezwa. HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti, ina kitufe chake halisi tangu miaka ya 1990, kinachojitambulisha chenyewe bila kuongezewa mstari hata mmoja. Tulikiacha kwa sababu umbo lake halikutupendeza.

Kuna kosa jingine lililoniuma zaidi, kwa kuwa ni dogo mno. Maneno ya simu yenyewe yalisikika kwa Kiswahili safi, lakini ya kwetu yalitoka kizungu. "Mchango" ikawa "em-cheingo", "salio" ikawa "seilio". Nilidhani sauti ya simu ndiyo mbovu. Kumbe mwanzoni mwa ukurasa kuna mahali pa kutaja lugha, na kiolezo tulichoanzia kilikuja na "en". Hatukugusa. Kwa hiyo tuliiandika programu nzima kwa Kiswahili, kisha tukaiambia simu ya mzee kwamba ni Kiingereza. Sauti ya Kiswahili ipo. Hata eSpeak, programu ya bure ya kusoma maandishi kwa sauti, inayo kwa miaka mingi. Tiba ilikuwa kubadilisha herufi mbili, "en" kuwa "sw". Nenda kakague ya kwako leo, na hasa kama watumiaji wako ni wa huku kwetu.

Mjomba alipokosea kiasi cha mchango, kisanduku kiligeuka chekundu, basi. Hakuna kilichosemwa. Alikaa anasubiri, simu mkononi, mpaka programu ikamtoa kwa kuchelewa.

Huwa naambiwa kwamba wasioona ni wachache na bajeti ni ndogo. Kuhusu bajeti, sisi tulirekebisha vitufe 37, lugha na ujumbe wa makosa kwa siku tatu. Gharama kubwa ni ya kurudi nyuma. Ukianza na kitufe halisi siku ya kwanza hulipi kitu. Kuhusu uchache, anayesema hivyo akakae asubuhi moja kwenye kliniki ya macho mkoani hapa, awahesabu wenye mtoto wa jicho na wenye kisukari, halafu tuongee. Wapo pia wanaotetea jambo hili kwa kusema linamsaidia kila mtu, kwamba maandishi yaliyokolea yanasomeka hata stendi jua la saa saba likiwaka. Ni kweli, lakini mimi sipendi kuanzia hapo. Haki ya mjomba ya kujua salio lake haihitaji kwanza iwe na faida kwangu mimi ninayeona.

Tena si suala la hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mwongozo wa kiufundi wa kutengeneza kurasa ambazo hata wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, WCAG, upo tangu 1999, na toleo la 2.2 lilitoka 2023. Hata hivyo, hili si la Tanzania peke yake: shirika la WebAIM la Marekani lilipopima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja mwaka 2024, asilimia 95.9 zilikutwa na makosa dhidi ya mwongozo huo, na lililoongoza lilikuwa maandishi yaliyofifia.

Lakini sisi wa Dodoma tuna nafasi ambayo wengine hawana. Serikali iko hapa, Mtumba kwenye ofisi za wizara siyo mbali, na zabuni nyingi za mifumo ya umma zinaandaliwa na kusainiwa mjini humu. Ningependa kila hadidu za rejea ziwe na sharti moja: malipo ya mwisho yasitoke mpaka mtu asiyeona, aliyelipwa kwa kazi hiyo, ameutumia mfumo mwanzo hadi mwisho kwa simu yake mwenyewe bila kumwita mtu. Ripoti ya programu ya ukaguzi haitoshi. Itakuambia kitufe kina jina, lakini haitakuambia kwamba jina lenyewe ni "kitufe_2".

Nilirudi Kongwa wiki mbili baadaye. Mjomba alifungua programu, akatelezesha kidole. "Salio, shilingi..." Akatabasamu, akachomeka spika za masikioni, mengine sikuyasikia. Mjukuu alikuja mbio kama kawaida yake, akaambiwa arudi akacheze. Nikasogea karibu nione kama kisanduku cha kiasi kinasomeka vizuri.

"Mjomba, subiri kidogo," akasema, na akanigeuzia mgongo, simu akiikumbatia kifuani, aingize namba yake ya siri.