Kufunga na kulala njaa: Kanisa na Amartya Sen juu ya maendeleo

Mchumi wa Kihindi Amartya Sen ana mfano ambao kwetu hauhitaji maelezo: aliyefunga na aliyekosa chakula wote wana matumbo matupu, ila mmoja kaamua mwenyewe. Kwa Sen, maendeleo ndiyo huko kuweza kuamua. Umefunga kwa ajili ya nini, hilo ni lako.

Kanisa Katoliki linauliza hilo pia. Katika waraka wa Populorum Progressio, Machi 1967, Papa Paulo VI alisema maendeleo si kukua kwa uchumi tu, bali ni ya kila mtu na ya mtu mzima. Hapo Sen, asiye na dini, hana ugomvi. Ila waraka unaendelea: kuwa na zaidi si lengo la mwisho, la mtu wala la taifa. Naona hapa Kanisa limemzidi. Nadharia ya Sen inamtambua upesi aliyepungukiwa. Aliyejilimbikizia haina la kumwambia.

Lakini nani mwenye haki ya kusema "inatosha"? Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa, alifundisha mwaka 1968 kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu. Watu wakapakiwa kwenye malori, na kwingine nyumba zikachomwa wasirudi. Shule zilienea kweli. Kipimo cha maendeleo cha Umoja wa Mataifa, kilichoanza mwaka 1990 na ambacho Sen mwenyewe alisaidia kukibuni, kingemhesabu mtoto aliyeingia darasani. Babaye aliyeshushwa porini na mizigo yake kisingemwona. Ajabu ni kwamba Kanisa nalo linakataza hayo kwa kanuni auni: linalowezwa na familia au kijiji, serikali isilipore.

Tena familia ndiyo inayoliponza Kanisa. Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii huishika familia kama kitu kimoja, wakati Sen anaingia jikoni kuuliza nani anakula mwisho. Mwaka 1990 alikadiria kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 waliopaswa kuwa hai duniani, hasa Asia, hawakuwepo, kwa kunyimwa matunzo waliyopewa kaka zao. Wengi wa hao hawakunyimwa na serikali wala soko, walinyimwa nyumbani.