Halloween Ends: Adui Aliyefichwa Mtaroni

Kila Oktoba inapokaribia huzuka watetezi wa Halloween Ends, ile ya mwaka 2022, wakitueleza kwamba filamu hiyo imeonewa, kwamba sisi tulioitazama tukanuna hatukuielewa, na kwamba mwongozaji wake, David Gordon Green, alithubutu kufanya jambo ambalo wengine wote waliopewa mfululizo huu wa filamu za kutisha waliliogopa. Safari hii maneno hayo yametoka kwa mtu ambaye maoni yake kuhusu filamu huwa nayaheshimu, na kwa ajili ya heshima hiyo nimeirudia filamu nzima, tangu herufi za mwanzo hadi mashine ya kusagia vyuma chakavu. Nimemaliza nikiwa na hasira kuliko mara ya kwanza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba dakika zake za kwanza ni miongoni mwa dakika bora kabisa katika filamu zote tatu za Green. Usiku wa Halloween wa mwaka 2019, kijana anayeitwa Corey Cunningham amepewa kazi ya kumwangalia mtoto wakati wazazi wametoka. Mtoto anamfanyia utani kwa kumfungia chumba cha juu kabisa cha nyumba, Corey anaupiga teke mlango kwa hofu, mlango unamsukuma mtoto, na mtoto anaanguka kutoka juu ya ngazi hadi sakafuni, mbele ya wazazi ambao ndio kwanza wanaingia. Hakuna muuaji wala kinyago, na bado mtazamaji anashikwa na baridi. Nakubali pia kwamba Rohan Campbell, aliyeigiza kama Corey, anajua kazi yake, na kwamba muziki wa John Carpenter, mwongozaji wa filamu ya kwanza, haujazeeka. Basi.

Tatizo langu ni kwamba mzunguko huu wa filamu tatu ulianza kwa ahadi moja iliyo wazi, na Halloween Ends ikaivunja huku ikitaka ipigiwe makofi. Filamu ya mwaka 2018 ilifuta kila kilichotokea baada ya ile ya kwanza ya mwaka 1978. Ilifuta habari ya Laurie Strode, msichana aliyenusurika katika filamu ya kwanza, kuwa dada yake Michael Myers, muuaji wa kinyago, ambayo ililetwa mwaka 1981 na ikatutesa kwa miaka mingi. Ilifuta pia yale mambo ya laana na kundi la wachawi, yaliyokuja kufafanuliwa katika sehemu ya sita ya mwaka 1995 kana kwamba kuna mtu aliyeyaomba. Ufutaji huo ulikuwa na maana. Ulimrudisha Michael mahali ambapo Carpenter na mwandishi mwenzake, Debra Hill, walimweka, yaani mtoto wa miaka sita aliyemuua dada yake mwaka 1963 bila sababu, akakua bila sababu, akarudi mjini kwao Haddonfield akaua watu bila sababu. Kinyago kilichonunuliwa dukani kwa bei ya kutupa, chenye sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe, kilitisha kwa sababu nyuma yake hapakuwa na maelezo yoyote. Daktari wake mwenyewe, Loomis, aliyemchunguza kwa miaka 15, hakuambulia jibu.

Sasa tazama kilichofanywa mwaka 2022. Corey, akiwa ameshachukiwa na mji mzima kwa kifo cha yule mtoto, anasukumwa kutoka darajani na vijana wakorofi, anaburutwa hadi ndani ya mtaro, na humo anakutana na Michael. Wanatazamana machoni. Michael anaziona kumbukumbu za Corey, anamwachia aende zake, na tangu hapo Corey naye anaanza kuua. Kumbe uovu ni ugonjwa wa kuambukiza, na dalili zake huanzia machoni! Miaka minne baada ya kutufutia maelezo mabovu ya zamani, Green na wenzake wametuletea maelezo mapya, na haya yanamgusa Michael mahali ambapo hata laana ya mwaka 1995 haikufika, kwa sababu yanamfanya aonekane kuwa anamtambua mtu, anamhukumu na kumchagua. Muuaji anayechagua mwanafunzi ana nia na mapenzi yake, na akishakuwa nayo tunaweza kumwelewa. Mimi sikuja kumwelewa Michael Myers.

Linalofuata ni baya zaidi. Katika Halloween Kills ya mwaka 2021, umati wa watu wa Haddonfield ulimzunguka Michael ukiimba kwamba uovu unakufa usiku huo, ukampiga kwa virungu, visu na risasi, na akainuka akawamaliza. Filamu inayofuata inatutaka tuamini kwamba mtu huyo huyo, baada ya kujificha mtaroni kwa miaka kadhaa, amedhoofika kiasi kwamba kijana wa karakana ya vyuma chakavu anapigana naye mieleka na kumvua kinyago. Sisi tuliokulia katika vibanda umiza tulijifunza kanuni mbili kabla hata hatujaweza kusoma maandishi ya chini ya picha: stelingi hafi, na adui hamalizwi na mpita njia. Halloween Ends inaivunja kanuni ya pili si kwa werevu, bali kwa sababu inahitaji kinyago kiwe huru ili Corey akivae. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, mwenyeji akabaki mtaroni.

Naomba nisisingiziwe kwamba sitaki jambo jipya. Mwaka 1982 Carpenter na Hill walitoa sehemu ya tatu isiyo na Michael kabisa, yenye hadithi yake ya vinyago vinavyoua watoto, kwa sababu walitaka jina Halloween libebe hadithi tofauti kila mara. Watazamaji waliikataa, na ikachukua miaka mingi kupendwa, lakini matangazo yake hayakumwonyesha mtu ambaye hayumo. Green ameiga hata herufi za buluu za mwanzo wa filamu ile, jambo linaloonyesha kwamba alijua vizuri anachokifanya. Alichokataa kuiga ni uaminifu wake. Matangazo yote ya mwaka 2022 yalituuzia pambano la mwisho kati ya Laurie na Michael, lililosubiriwa kwa miaka 44, na ndani ya filamu pambano hilo limebanwa jikoni karibu na mwisho, baada ya Corey kuvunjwa shingo kana kwamba mwandishi amekumbuka ghafla wageni aliowaalika. Hadithi ya Corey ingeweza kuwa filamu yake mwenyewe, au ingepandwa katika Halloween Kills, ambayo ilikuwa na nafasi tele kwa kuwa haikuwa na la kufanya. Kumwingiza katika sehemu ya mwisho, akiwa hajawahi kutajwa, ni kutuomba tuomboleze mtu tuliyetambulishwa kwake msibani.

Kuhusu Laurie mwenyewe, sijui hata nianzie wapi. Katika filamu ya 2018 Michael amefungwa kwa miaka 40, na Laurie anaishi katika nyumba iliyozungushiwa uzio, yenye bunduki na chumba cha siri, akiwa ameipoteza familia yake kwa sababu ya hofu hiyo. Mwishoni mwa Halloween Kills, Michael anamuua Karen, binti yake wa pekee, kisha anatoweka bila kukamatwa. Mantiki ya kawaida ingesema kwamba mama huyo hatalala tena. Badala yake tunamkuta katika nyumba ya kawaida mjini, anaoka pai ya boga, anaandika kitabu cha maisha yake, na anazungumza kwa haya na afisa wa polisi Hawkins dukani. Muuaji alipokuwa amefungwa, Laurie alikuwa askari. Muuaji alipomuua mtoto wake na kutembea huru, Laurie amefungua mapazia. Jamie Lee Curtis, anayemwigiza, anajitahidi kutushawishi kwa uso wake, na kuna nyakati anafanikiwa, lakini hakuna mwigizaji anayeweza kuliziba pengo ambalo hata mwandishi hakujali kuliona.

Allyson naye, mjukuu wa Laurie aliyewapoteza baba na mama kwa mkono wa Michael huyo huyo, anampenda Corey kwa siku chache na kuwa tayari kuuhama mji. Nitaliacha hilo.

Wanaonikumbusha Halloween: Resurrection ya mwaka 2002, iliyomuua Laurie mapema kisha ikamwacha Busta Rhymes ampige Michael mateke, wako sahihi kwamba hiyo ni mbaya zaidi. Lakini ile haikumwahidi mtu chochote. Halloween Ends ilikuwa na mwigizaji wake, mwanamuziki wake, na filamu mbili za kuandaa njia, na mapato yanaonyesha watu walivyoipokea: ile ya 2018 iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, ya pili takriban milioni 130, na hii zaidi kidogo ya milioni 100, huku mauzo ya Marekani yakishuka kwa karibu asilimia 80 katika wikendi ya pili. Ndiyo, ilionyeshwa siku hiyo hiyo kwenye Peacock, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, na hilo liliipunguzia watazamaji wa sinema. Halloween Kills nayo ilionyeshwa hivyo hivyo.

Mwezi Oktoba 2023, mwaka mmoja tu baada ya filamu iliyojiita mwisho, kampuni ya filamu ya Miramax ilipata haki za kutengeneza tamthilia ya televisheni ya Halloween. Watakaoiandika nawaomba jambo moja tu: wasinieleze Michael anafikiri nini.