Nani Kasema Dar Haina Majira?

Kila mwaka ikifika Februari humkosi mtu wa bara, hasa wa Mbeya au Arusha, anayejifuta jasho ndani ya mwendokasi na kutangaza kwamba mji huu una majira mawili tu: joto, na joto lenye mvua. Abiria hucheka. Mimi sicheki, wala sibishani naye, kwa sababu ukibishana ndani ya mwendokasi saa kumi na moja jioni pumzi itakwisha kabla ya hoja.

Lakini sisi tuliokulia Magomeni miaka ya themanini na tisini tulikuwa na majira, tena kila moja na upepo wake, matunda yake, michezo yake na ugomvi wake wa nyumbani. Na kama watoto wetu leo hawayajui, tusikimbilie kuitupia lawama zote tabianchi. Mengine tumeyafungia nje sisi wenyewe, kwa saruji tuliyoinunua na kwa fundi tuliyemlipa.

Jua hupita utosini mwa Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini, na tena kabla ya katikati ya Oktoba likirudi kusini. Ukanda wa mvua hulifuata jua nyumanyuma. Ndiyo maana tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Na juu ya mvua hizo mbili kuna pepo mbili zinazopokezana, kaskazi ya miezi ya joto na kusi ya miezi ya baridi, zile zile zilizoleta majahazi ya Uarabuni katika pwani hii na kuyarudisha kwao kwa karne nyingi.

Bibi yangu, Mzaramo wa Kisarawe aliyeolewa mjini, hakuwa na habari ya ukanda wa mvua. Ila alikuwa anasimama uani alfajiri, kanga mbili begani, ananyamaza kidogo, kisha anatuamsha: "Wajukuu, kusi hiyo imeingia. Toeni magodoro." Tunajibu, "Haya bibi," huku tunanuna. Magodoro yenyewe yalikuwa ya sufi, mazito, yamekunywa unyevu wa masika yote, na kuyapitisha mawili kwa pamoja kwenye ukumbi wa nyumba ya Kiswahili ilikuwa kazi ya kuvunja migongo. Yakishaanikwa yanachapwa kwa fimbo hadi vumbi liishe. Siku hiyo usiku unalala juu ya kitu kilichovimba, kina joto la jua bado, na dirishani upepo unapuliza mpaka unatafuta shuka.

Hicho ndicho kipupwe chetu. Mtu wa Makete atatucheka, maana usiku wa Julai Dar hushuka nyuzi 18 au 19 tu, lakini sisi nyuzi hizo zilitutoa kamasi. Wazee walivaa makoti. Watoto tulikwepa kuoga asubuhi, tukajipaka mafuta miguuni ili tuonekane tumeoga, na hakuna mama aliyedanganyika. Machungwa ya Muheza yalimwagika mjini kwa malori, na muuza machungwa wa toroli alimenya ganda refu lisilokatika huku anapiga soga bila kutazama kisu.

Tiara ilikuwa kazi ya miezi hiyo. Unachonga chelewa mbili za mnazi mpaka zinakuwa nyepesi na sawa, unazifunga msalaba, unatandika gazeti la jana, unagandisha kingo kwa punje za wali uliolala. Uzi ni wa cherehani, na hapo ndipo palipo na kesi, kwa sababu kibiringo kilikuwa cha mama. Mkia ni vipande vya kanga kuukuu. Mkia ukiwa mfupi tiara inazunguka na kupiga mbizi moja kwa moja kwenye bati la jirani. Ukiwa mrefu mno haipai, inakokota vumbi nyuma yako barabara nzima. Kaka yangu alijua urefu kwa kupima na mkono wake, kutoka kwenye kidole hadi kwenye bega, mara tatu na kidogo. Hiyo "kidogo" hakumfundisha mtu. Kufika Agosti nyaya za umeme za mtaa wetu zilikuwa zimejaa mifupa ya tiara na vipande vya kanga vinavyopepea.

Vuli sisi hatukuijua kwa mvua kwanza. Tuliijua kwa embe mbichi, chumvi na pilipili iliyosagwa, vyote ndani ya kikaratasi kilichokunjwa, na meno yaliyokufa ganzi mpaka chakula cha usiku hakiliki. Dodo zilifuata Novemba, na ukipanda basi kwenda mjini ulikuta mikrismasi ya Upanga imewaka nyekundu barabarani. Miembe ya uani ilikuwa ya mtu mmoja kwa hati na ya mtaa mzima kwa mawe. Usiku mmoja wa upepo ulitosha. Asubuhi tulikuwa tunashindana na mbuzi kuokota.

Kaskazi nitaipitisha haraka, kwa kuwa joto halina mengi ya kusimulia. Wanaume barazani na bao lao, wanawake uani juu ya mikeka na vipepeo vya ukili, watoto na barafu za ukwaju kwenye vifuko vya nailoni. Hakuna aliyelala ndani kabla ya saa sita usiku.

Masika, hapo ndipo penye habari. Shule yetu ilikuwa na bati bila dari. Mvua ikishuka ya kweli, mwalimu alifungua mdomo mara mbili tatu, akaona sauti yake haifiki dawati la kwanza, akaandika zoezi ubaoni na kukaa. Tuliipenda mvua hiyo kuliko sikukuu. Njiani kurudi nyumbani kulikuwa na majongoo meusi manene yanayojikunja ukiyagusa, na konokono wakubwa waliopanda kuta za vyoo, ambao tuliwamwagia chumvi kwa ukatili ambao sasa unanisumbua kidogo. Usiku vyura wa bonde la Msimbazi hawakumpa mtu usingizi.

Na nguo hazikukauka. Shati jeupe na sketi ya bluu vilifuliwa Ijumaa, vikaninginizwa ukumbini kwenye kamba, na Jumapili jioni bado vinanata mkononi na vina harufu ile ya uvundo. Basi pasi ya mkaa inatolewa, ile yenye kijogoo cha chuma mbele cha kufungia kifuniko. Mama anapuliza, majivu yanaruka, analoweka kitambaa, anakitandaza juu ya sketi na kukandamiza. Mvuke unapanda usoni kwake. Kosa moja tu, kaa moja likiruka, na unakwenda shule mwaka mzima na kitobo chenye ukingo wa kahawia. Mkaa wenyewe masika hupanda bei, kwa hiyo kila pasi ilikuwa na hotuba: "Mkaa mnauona unashuka mbinguni?"

Halafu ikaja mvua iliyotufundisha neno jipya. Vuli ya 1997 haikujua kukoma. Ilianza Oktoba, ikapita Desemba, ikaingia Januari 1998, na mitaani kila kitu kikawa elinino: shimo la barabarani elinino, mtu mwenye deni lisilolipika elinino. Ramadhani ya mwaka ule iliingia siku zile zile za mwisho wa Desemba. Nakumbuka wapiga ngoma za daku wakipita kwenye matope wamejifunika nailoni, ngoma zimelowa zinalia chini kwa chini, na bibi anasema leo hata shetani hatoki.

Najua ninachofanya hapa. Nasifia mvua kwa sababu nyumba yetu ilikuwa juu. Mwenzangu darasani aliyekaa bondeni, upande wa Kigogo, hana kumbukumbu ya namna hii. Masika kwake yalikuwa vitabu vilivyolowa na kuhamia kwa shangazi. Desemba 2011 Msimbazi ilipofurika, zaidi ya watu 40 walikufa mjini, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande kuanza upya. Ukimwambia mtu wa Jangwani kwamba unaikumbuka sauti ya mvua, atakutazama tu. Hata mwendokasi wenyewe, pamoja na karakana yake iliyojengwa pale bondeni, umekuwa ukisimamishwa na mto kila mvua ikizidi, na Barabara ya Morogoro inafungwa pale pale ilipofungwa zamani. Mto haukuhamia kwetu, sisi ndio tulioufuata.

Kwa hiyo siamini kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Wala sikatai kwamba hali ya hewa inabadilika. Mei 2024 tulikuwa tunafuatilia kimbunga Hidaya kikisogea pwani yetu, boti za Zanzibar zimesimama, jambo ambalo bibi yangu hakuwa na jina lake. Ninachokataa ni uvivu wa kusema "siku hizi majira hayaeleweki" huku tunaagiza lori lingine la zege.

Tazama nyumba tunazojenga. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, masikini ya Mungu, ilikuwa na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Fungua pande zote mbili, na upepo unapita kama mgeni anayejua njia. Maghorofa ya mjini ya miaka ya hamsini na sitini yaliwekwa matofali ya matundu kwenye ngazi na veranda, kwa makusudi, na ukisimama pale Julai unasikia kusi inakupiga kifuani bila kulipia umeme. Sasa nenda Goba, nenda Kivule, nenda Madale. Dirisha la alumini la kusukuma, ambalo hata ukilifungua lote umefungua nusu. Ukuta wa futi nane. Dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Uani hakuna udongo, ni pevingi hadi getini. Mvua ikinyesha usiku mtoto haisikii, anaambiwa asubuhi. Kaskazi na kusi kwake ni kitu kimoja, kwa sababu vyote ni namba kwenye rimoti ya kiyoyozi. Halafu umeme ukikatika tunatoka nje tunahema, tunasema mji umekuwa na joto la ajabu.

Umekuwa, ndiyo. Sensa ya 1988 ilihesabu mkoani Dar watu milioni 1.36, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu hao wote wanahitaji pa kulala, na mwembe ndio unaoondoka kwanza kwa kuwa hauna wakili. Mtu anashuka Mwembechai, mwingine Mkwajuni, na wala haimjii kutafuta kivuli. Ardhi iliyokuwa inameza mvua tumeiziba, halafu maji yakikosa pa kwenda tunaita waandishi wa habari.

Siongei kama mtu aliye nje ya kesi. Mimi pia nimejenga Madale. Nilimwambia fundi anitobolee madirisha mawili makubwa sebuleni yanayotazamana, moja likiangalia kusini-mashariki, kusi iingilie hapo na kutokea upande wa pili, na juu ya milango aweke matofali ya matundu. Alinisikiliza kwa adabu, akajikuna, akasema, "Dada, hapo utaingiza mbu, vumbi na mwizi kwa mpigo." Tukaafikiana nyavu na nondo. Jipsamu nikaikataa chumba kimoja tu, cha watoto, kikabaki na bati na mbao, na mama mkwe hadi leo anaamini hela ziliniishia.

Mwembe ulikuwepo kiwanjani nilipokinunua, nao sikuukata. Kipupwe kilichopita jirani amenifuata kuhusu majani yanayodondokea pevingi yake. Nikamwambia avumilie, Novemba aje na kapu achukue dodo anazotaka. Akasema embe yeye ananunua Buguruni, na majani nikafagie mwenyewe. Tumekubaliana Jumamosi, kabla ya saa mbili, ndiyo siku yangu ya kufagia kwake.