Utambi Mkavu Hauwashwi

Juzi baada ya sala ya Alasiri, kijana wa jirani yetu hapa Kikwajuni alinijia barazani na vepu yake mkononi, ile sigara ya betri. Ni mtu mzima na watoto wake wawili, aliacha sigara tangu Mfungo Tatu, na nilifurahi mno alipoacha. "Ami," akanambia, "hii koili ya tatu ndani ya wiki mbili. Nauziwa mbovu."

Koili ni kile kipande cha ndani ya vepu kinachopasha moto juisi, yaani kimiminika chenye ladha, kikawa mvuke. Nilitaka koleo, nikaipasua juu ya kipande cha gazeti. Ndani mna kijiwaya kilichosokotwa kama springi, na pamba iliyokizunguka. Pamba ya pembeni ilikuwa nyeupe bado, lakini iliyogusana na waya imekuwa nyeusi na kavu, ukiishika inamong'onyoka. Na juu ya waya pana gamba linalong'aa, kama lile linaloganda chini ya sufuria ya kashata ukiachia sukari iungue.

Kwa hiyo koili ilikuwa nzima. Aliiunguza mwenyewe, tena kwa njia mbili kwa mpigo. Nasema hivi kwa uchungu, maana nami nilitupa fedha nyingi namna hiyo miezi yangu ya mwanzo, na muuzaji aliyeniuzia hakunifundisha lolote. Alipokea pesa, akanipa kiboksi, basi. Naamini kabisa kwamba anayeuza kitu hiki bila ya kumweleza mnunuzi namna ya kukianza anamdhulumu.

Bibi yangu kule Pemba alikuwa na kandili. Akitia utambi mpya hauwashi pale pale. Huutumbukiza kwenye mafuta, akaendelea na shughuli zake, akarudi baadaye kuwasha. Ukiwasha utambi mkavu, unaoungua ni utambi wenyewe. Koili ni hivyo hivyo. Juisi inapogeuka mvuke inaondoka na joto la waya, kama sufuria isivyoungua maadamu ina maji. Pamba ikikauka, joto halina pa kwenda ila kwenye pamba. Na pamba ikishaungua mara moja, ile ladha chungu haitoki tena, hata ubadilishe juisi mara kumi.

Basi koili mpya idondoshee juisi kwenye vile vitundu vyake mpaka uone pamba imelowa. Jaza tangi, kisha iache dakika kumi. Vuta mara nne tano bila ya kubonyeza kitufe, juisi ipate kuingia ndani. Ukianza, anza na wati za chini kabisa kati ya zile zilizoandikwa ubavuni mwa koili, upandishe kidogo kidogo.

Wakati unaounguza koili nyingi kuliko wowote hapa kwetu, kwa nilivyoona mimi, ni Ramadhani. Mtu kashinda na saumu yake tangu alfajiri, akishafuturu na kuswali anakaa barazani anataka kulipa deni la siku nzima kwa robo saa. Anavuta, hata mvuke haujatoka vizuri kinywani, anavuta tena. Pamba haiwahi kunywa. Mvuto wa tano au wa sita unakuja na ule moshi wa kukwaruza koo. Hesabu hata nusu dakika baina ya mvuto na mvuto, na tangi usiliache likashuka chini ya vitundu vya koili. Haya mawili peke yake yaliifanya koili yangu iliyokuwa ikidumu siku nne ifike wiki mbili na zaidi.

Wati nazo zina hesabu yake, na si ngumu. Kwenye kifaa kinachopeleka umeme wa betri moja kwa moja, betri ya kawaida ina volti 3.7. Zidisha volti kwa volti, gawa kwa omu za koili, yaani ukinzani wake wa umeme. Koili ya omu 1.2 inatoa kama wati 11. Koili ya omu 0.2, kwa betri ile ile, inatoa wati 68. Hii ya pili inatoa wingu kubwa la kuwafurahisha wenzako, lakini inakunywa juisi na betri kupita kiasi. Aliyetoka kwenye sigara hana haja nayo. Achukue kifaa kidogo, koili ya omu moja au zaidi, na juisi ambayo glisirini na propilini glikoli, vile vimiminika viwili vinavyoifanya juisi, ziko nusu kwa nusu. Glisirini ikizidi juisi inakuwa nzito, na vitundu vya koili ndogo haviipitishi upesi. Joto letu la kaskazi huifanya nyepesi, hapo ndipo utaona kifaa kinavuja mfukoni. Kiweke wima, kisikae juani.

Lile gamba la kashata ni utamu. Juisi nyingi za ladha ya keki, pipi na embe zimetiwa sukralosi, utamu wa kutengenezwa, nayo haigeuki mvuke ikaisha. Inabaki juu ya waya na kuungua. Juisi nyeupe isiyo tamu sana haikupi raha ile ile siku za mwanzo, lakini koili inadumu mara mbili au tatu. Kuosha koili ya dukani kwa maji ya moto nimejaribu. Inarudisha ladha siku mbili tatu, na lazima uikaushe siku nzima kwanza. Kwangu mimi haistahili taabu hiyo.

Wapo wanaotaka kupunguza gharama kwa kusokota koili wenyewe, na kweli ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, kwa sababu waya unabaki na unabadilisha pamba tu. Lakini iwe pamba halisi. Nimemuona mtu kachomoa usufi kwenye mto akautia. Usufi hauyapendi kabisa maji. Zamani ulikuwa ukijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini kwa sababu hiyo hiyo. Sikushauri kuutia kwenye koili.

Na ndugu zangu wa Pemba, nakuombeni sana: msitie mafuta ya karafuu. Najua yapo kila nyumba, najua yanavyonukia. Mafuta si kitu cha kupelekwa mapafuni. Mwaka 2019 Marekani watu walijaa hospitalini kwa maradhi ya mapafu baada ya kuvuta vepu, na kilichotuhumiwa zaidi ni mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi. Hadi Februari 2020 walishahesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 walikufa. Kutafuta unafuu wa bei kusifike huko.

Haya yote nayaandika kwa aliyekuwa akivuta sigara, akahamia huku. Nikotini inafunga mtu, iwe ya sigara au ya vepu. Kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote, koili ya bei ndogo kuliko zote kwake ni ile asiyoinunua.

Yule jirani nilimtilia koili ya nne mwenyewe, nikaidondoshea juisi, nikajaza tangi, nikakiweka kile kifaa juu ya baraza upande wangu. Alinyoosha mkono mara mbili, nikamwambia, "Bado, mwanangu." Muuza kahawa alikuwa anapita na dele lake. Tukanywa vikombe viwili viwili, na kashata. Kikombe cha pili kilipokwisha ndipo nikampa.